Wastani ulitaka kumwingiza mama katika deni

Jirani yangu anayeuza ndagala sokoni alikuja kwangu na daftari lake. Alitaka kuingia katika likelemba ya faranga 6000 kwa siku. Faida yake ya juma moja ilikuwa 4000, 5000, 4500, 5500, 4000, na Jumamosi 25000, kwa sababu kulikuwa na harusi. Aliniuliza: «Mama Mwalimu, nitaweza?»

Nikafungua kompyuta, katika programu iitwayo Octave. Ni ya bure, na sheria yake inaruhusu kumgawia mwenzako. Ikiisha kuwekwa, inafanya kazi bila intaneti. John W. Eaton alianza kuitengeneza mwaka 1992 huko Marekani, ili kuwasaidia wanafunzi wa kemia ya viwandani.

Mara ya kwanza nilikosea. Niliandika 4 000, na nafasi katikati, kama tulivyofundishwa shuleni. Octave ikaona namba mbili: 4 na 0. Ikanijibu kwamba wastani ni faranga 87 na kidogo! Mkato pia unatenganisha namba, na nukta ni ya desimali. Kwa hiyo elfu nne huandikwa 4000, bila kitu katikati.

Nikaandika upya:

faida = [4000 5000 4500 5500 4000 25000]
mean(faida)

Jibu: 8000. Mama akafurahi: «Basi 6000 ninaiweza!» Nikamwambia asubiri kidogo, nikaongeza:

median(faida)

Jibu: 4750. Neno «mean» linajumlisha zote na kugawanya kwa siku sita, kwa hiyo harusi moja imeinua siku zote. «Median» linapanga namba toka ndogo mpaka kubwa na kutafuta ya katikati. Hiyo ndiyo siku yake ya kawaida. Kati ya siku sita, tano hazikufika 6000.

Alinyamaza, akaangalia daftari lake tena. Mwishoni alichagua likelemba ya 3000, ili kinachobaki kisaidie chakula na minervali ya watoto.

Mama, kompyuta haijui kama kulikuwa na harusi. Wewe ndiwe unajua. Anza na daftari: andika faida ya kila siku, hata siku mbaya. Kisha mwombe binti yako aliye sekondari akae nawe, muandike pamoja mistari hii mitatu. Yeye atajifunza programu, nawe utajua ahadi unayoweza kutimiza.