Gumboro Isiyoua Ndiyo ya Kuogopwa

Hakuna lalamiko linalorudiwa na wafugaji wa Machakos, kuanzia Kangundo na Tala hadi Masii na Matuu, kama hili: "Daktari, hawa kuku walichanjwa." Na ni kweli walichanjwa. Mama alinunua chanjo ya Nyukaso, ugonjwa ambao ndugu zetu wa Tanzania wanauita kideri, akawatonesha kuku jichoni siku aliyoelekezwa, akaandika tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Baada ya majuma machache kuku wanazubaa, wanaharisha kijani, shingo zinajipinda, na banda linaanza kubaki tupu. Lawama ya kwanza huiendea chanjo, ya pili humwendea aliyeiuza. Zipo siku lawama hiyo ni ya haki, maana chanjo iliyosafiri juani kwa bodaboda kutoka mjini hadi Masinga bila barafu haina tena uhai. Lakini iko sababu nyingine ambayo mfugaji haioni na mara nyingi hakuna anayemwambia: chanjo ilikuwa nzima, ila mwili wa kuku haukuwa na uwezo wa kuipokea. Uwezo huo uliporwa majuma kadhaa nyuma na ugonjwa mwingine kabisa, na huenda siku hizo hakufa kifaranga hata mmoja.

Ili kuelewa wizi huo, anza na kiungo ambacho kuku anacho na sisi binadamu hatuna. Ni kifuko kidogo cha mviringo, chenye mikunjo ndani, kilichokaa juu ya utumbo wa mwisho karibu na tundu la haja. Alikieleza Hieronymus Fabricius, mwanaanatomia wa Padua nchini Italia, katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1621 akiwa tayari ameshafariki. Kwa zaidi ya miaka 300 hakuna aliyejua kifuko hicho kina kazi gani. Jibu lilikuja kwa bahati katika Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, miaka ya 1950. Mtafiti kijana, Bruce Glick, alikuwa akiwakata vifaranga kifuko hicho ili aone watapungukiwa na nini. Mwenzake Timothy Chang alihitaji kuku wa kuwaonyesha wanafunzi jinsi mwili unavyotengeneza kingamwili dhidi ya bakteria wa Salmonella, akaazima baadhi ya kuku wa Glick. Somo lilikwama: kuku waliokatwa kifuko hawakutoa kingamwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 1956 katika jarida la sayansi ya kuku, Poultry Science, na sehemu kubwa ya tunayoyajua leo kuhusu seli zinazotengeneza kingamwili, hata mwilini mwa mtoto anayechanjwa kliniki, inaanzia kwa wale kuku.

Seli changa za kinga huingia katika kifuko cha Fabricius, zikakomaa humo, kisha zikatoka kwenda kukaa kwenye wengu, utumbo na sehemu nyingine za mwili. Kazi hiyo hufanyika katika majuma ya mwanzo ya uhai wa kifaranga. Kuku akishakaribia kutaga, kifuko hunywea chenyewe kwa sababu kimemaliza kazi. Kwa hiyo kikiharibiwa mapema, hakuna msimu wa pili wa kujenga kinga.

Kirusi cha Gumboro kinashambulia kifuko hicho hasa. Ugonjwa ulielezwa mwaka 1962 kutoka eneo la Gumboro katika jimbo la Delaware, Marekani, na mwanzoni haukuua kuku wengi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 aina kali zaidi ilizuka Ulaya ikasambaa Asia na Afrika, na hapa Kenya ugonjwa uliripotiwa mara ya kwanza Pwani mwaka 1991. Kirusi kikishaingia, kifuko huvimba. Kufikia siku ya nne uzito wake huwa umeongezeka maradufu. Siku ya tano kinarudi kwenye uzito wa kawaida, na mtu akimpasua kuku siku hiyo anaweza kudhani hakuna kitu. Kuanzia siku ya nane kinakuwa kimenywea hadi karibu theluthi moja ya uzito wake wa awali. Seli zilizokuwa zikikomaa ndani yake zimekufa.

Kuku wa wiki tatu hadi sita ndio wanaougua Gumboro waziwazi: wanatetemeka, manyoya yanasimama, wanaharisha maji meupe, wanakufa kwa wingi kwa siku tatu nne, halafu vifo vinakoma ghafla. Ugonjwa wa namna hii kila mfugaji anauogopa, na ndio unaomfanya akimbilie agroveti. Kifaranga wa chini ya wiki tatu akiambukizwa, kwa kawaida haonyeshi dalili yoyote. Anakula, anakunywa, anakua. Ndani yake kifuko kinateketea.

Watafiti wa Uingereza waliliweka wazi jambo hili mapema miaka ya 1970 kwa kuwaambukiza vifaranga Gumboro katika umri tofauti na kisha kuwachanja dhidi ya Nyukaso. Walioambukizwa wakiwa na siku moja walishindwa vibaya kujenga kinga ya Nyukaso. Walioambukizwa siku ya saba walidhurika kiasi. Walioambukizwa wiki ya pili au ya tatu hawakudhurika sana, ingawa aina kali zilizozuka baadaye hudhoofisha hata kuku wa umri huo. Mfugaji aliyepoteza kuku 20 kati ya 100 katika wiki ya nne analia, na ana haki ya kulia. Lakini jirani yake ambaye hakupoteza hata mmoja, huku kirusi kikiwa kimepita bandani kwake wiki ya kwanza, ndiye niliye na wasiwasi naye zaidi. Huyo atachanja kila chanjo kwa wakati wake, atatumia pesa zake, na kuku wake hawatapata kinga ya maana.

Hapo ndipo virusi vinapoanza kusaidiana. Yupo kirusi wa pili asiyejulikana sana vijijini, anayesababisha upungufu wa damu wa kuambukiza. Alitenganishwa Japani mwaka 1979. Hushambulia uboho wa mifupa, panapotengenezwa damu, pamoja na tezi ya thaimasi iliyoko shingoni, panapokomaa kundi lingine la seli za kinga. Tetea aliyeambukizwa humpitisha kwa kifaranga kupitia yai. Kwa kawaida kifaranga akishapita wiki mbili kirusi huyu hawezi kumwangusha, kwa sababu kifaranga anakuwa tayari ana uwezo wa kutengeneza kingamwili zake. Lakini kifaranga aliyepigwa na Gumboro hana uwezo huo, kwa hiyo anaendelea kuugua katika umri ambao mwenzake mzima hatikisiki. Gumboro imebomoa upande mmoja wa kinga, upungufu wa damu unabomoa wa pili.

Kisha kuna ugonjwa wa Marek, uliopewa jina la József Marek wa Budapest aliyeueleza mwaka 1907, ambao huleta uvimbe na kupooza miguu. Kirusi chake hutoka kwenye vinyweleo vya manyoya na kuruka pamoja na vumbi la banda. Nacho kinadhoofisha kinga, na chanjo yake, inayotolewa siku ya kwanza kwenye kituo cha kuangulia, inazuia uvimbe lakini haizuii kirusi kuingia mwilini. Kifaranga mwenye upungufu wa damu wa kuambukiza hata chanjo hiyo haimkingi ipasavyo. Vifaranga walioanguliwa chini ya tetea au katika inkubeta ndogo ya nyumbani mara nyingi hawakuipata kabisa.

Baada ya hao watatu, wageni wengine hawahitaji kubisha hodi. Nyukaso, mafua, kuhara damu, bakteria wa kawaida wanaoishi kwenye mavi bila kumdhuru kuku mwenye afya, wote huingia. Mfugaji anaona kuku anakoroma, anampa antibiotiki. Kuku wawili wanapata nafuu, kumi wanakufa, anabadilisha dawa. Antibiotiki haiui kirusi, na kuizungusha hivyo bandani kunazalisha bakteria sugu ambao kesho watamsumbua mtoto wa nyumba hiyo hiyo.

Machakos ina adui mwingine wa kinga ambaye si kirusi, na siwezi kuandika juu ya kuku wa Ukambani nikamwacha. Ni sumukuvu, yaani aflatoksini, inayotokana na ukungu kwenye mahindi yaliyovunwa au kuhifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 1981, wakati Makueni ingali sehemu ya Wilaya ya Machakos, watu 20 walilazwa kwa sumu hiyo na 12 wakafariki. Mwaka 2004 ikarudi kwa ukatili zaidi, Makueni, Kitui, Machakos na Thika: watu 317 waliugua, 125 wakafa. Dunia yenyewe iliijua sumu hii kupitia ndege wa kufugwa, baada ya zaidi ya batamzinga 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Tangu misiba ile, mama wa Mwala anajua asiyapike mahindi yaliyooza. Anawamwagia kuku. Kuku mkubwa anavumilia sumukuvu kuliko batamzinga au bata, hafi papo hapo, na ndiyo sababu tunadhani haimdhuru. Lakini kiasi kidogo kinachokuja kila siku hudhoofisha ini, hunyausha kifuko cha Fabricius na tezi ya thaimasi, na kuifanya chanjo ishindwe kama vile Gumboro inavyoifanya. Gunia lililooza halifai kwa mtu wala kwa mnyama. Sehemu ya sumu hiyo hubaki kwenye ini na mayai, ikarudi mezani.

Tufanye nini? Ningeanza na tetea, si na kifaranga. Kingamwili za mama hupita kwenye kiini cha yai na kumkinga kifaranga katika majuma yale ya kwanza ambayo ndiyo ya hatari kubwa. Anayeangulisha mayai ya kuku wake wa kienyeji awachanje matetea Gumboro na Nyukaso kabla hawajaanza kutaga, kwa ushauri wa daktari. Anayenunua vifaranga aulize kituo kinachowauza kama wazazi walichanjwa, na kama chanjo ya Marek ilitolewa siku ya kwanza. Biashara ya vifaranga wa mwezi mmoja imeenea sana siku hizi, na inanipa hofu, kwa kuwa mnunuzi anakusanya kuku wa wachuuzi watatu katika banda moja bila kujua yeyote kati yao alipitia nini katika majuma manne aliyokuwa mikononi mwa wengine. Omba maandishi ya chanjo. Wasipokuwa nayo, watenge wageni mbali na kuku wako kwa majuma matatu.

Kinga ya mama ina ugumu wake. Kingamwili za Gumboro hupungua kwa nusu kila baada ya siku tatu hadi tano, na zikiwa bado nyingi huiua chanjo kabla haijafanya kazi. Ukichanja mapema mno umetupa pesa. Ukichelewa umeacha pengo. Ndiyo maana chanjo ya Gumboro hutolewa zaidi ya mara moja, kwa kawaida kati ya siku ya 10 na 14, kisha tena baada ya wiki moja hivi. Usishawishike kununua chanjo kali kwa sababu tu mwenye duka anaisifu. Chanjo kali ikipewa vifaranga wasio na kinga ya mama huweza yenyewe kuharibu kifuko tulichotaka kukiokoa.

Kuhusu maji, sehemu nyingi za kaunti hii hununua maji ya lori au huyatia klorini tangini, na klorini huua chanjo hai. Tumia maji ya mvua au ya kisima yasiyo na dawa, changanya gramu 2.5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita, subiri kidogo ndipo utie chanjo. Vyombo viwe vya plastiki, visiwe vya bati. Wanyime kuku maji saa moja au mbili kabla, na wamalize yale yenye chanjo ndani ya saa mbili, asubuhi na mapema kabla jua halijapanda.

Banda nalo lina kumbukumbu ndefu. Kirusi cha Gumboro kimepatikana kikiwa hai siku 122 baada ya kuku kuondolewa, na siku 52 kwenye maji, chakula na mavi. Mbawakawa wadogo weusi wanaoishi kwenye maranda hukibeba pia. Kunyunyiza dawa juu ya mavi makavu hakusaidii: kwangua kwanza, osha kwa sabuni na maji mengi, acha pakauke, ndipo upake dawa. Maranda ya zamani usiyarundike kando ya banda ukingoja kuyapeleka kwenye miembe.

Kuku wakianza kufa, mpeleke aliye mgonjwa angali hai, au aliyekufa muda mfupi akiwa kwenye barafu, kwa daktari wa mifugo wa kaunti ndogo yako au Kabete, ambako kuna maabara kuu ya mifugo ya taifa na kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Ni safari ya asubuhi moja kutoka mjini Machakos. Usiseme tu, "Niangalizieni Nyukaso." Omba kifuko cha Fabricius kiangaliwe. Na hata kabla ya msiba wowote, kifaranga akifa kwa kukanyagwa au kwa ajali nyingine katika wiki ya tatu, usikubali azikwe bila daktari kumpasua. Katika umri huo kifuko hakipaswi kuwa kidogo kuliko wengu. Kikiwa kidogo, chanjo inayofuata isubiri hadi mmezungumza juu ya kundi lote.