Taa Zinawaka, Stata Haizunguki: Hitilafu za Umeme katika Lori la Zamani

Kewanja ni kijiji cha Wilaya ya Tarime kilicho karibu na Mto Mara, ambao ng'ambo yake ni Wilaya ya Serengeti. Huko, kama ilivyo katika sehemu nyingi za mashambani, mahindi, mchanga na mawe hubebwa na malori yaliyokwisha kutumika miaka mingi. Alfajiri dereva hugeuza ufunguo. Taa za mbele zinang'aa, honi inalia, lakini stata hutoa mlio mmoja tu wa "ta!" na kunyamaza. Utingo huita watu wasukume. Lawama zote huangukia betri, na mwenye lori hutafuta fedha za kununua mpya. Baada ya juma moja lori hukataa tena, na safari hii betri mpya imo ndani yake.

Kwa nini taa ziwake na stata ikatae, ilhali vyote viwili hupata umeme kutoka betri ile ile? Jibu limo katika kanuni aliyoichapisha mwanasayansi Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka 1827: volti zinazopotea katika njia ya umeme ni sawa na ampea zinazopita humo zikizidishwa kwa ukinzani wa njia hiyo. Mathalan, katika lori la volti 12, kiungo kimoja cha waya mnene kimepata kutu na kuwa na ukinzani wa ohm 0.01 tu. Taa zikivuta ampea 10 kupitia kiungo hicho, volti 0.1 hupotea, na hakuna jicho litakalotambua. Stata ya dizeli ikijaribu kuvuta ampea 300, volti 3 nzima hupotea hapo hapo, na kilichosalia hakitoshi kuigeuza injini. Kwa hiyo mwanga wa taa si ushahidi kwamba njia ya stata ni nzima.

Yafaa basi kuchunguza njia kabla ya kununua chochote. Mita ya volti hutosha. Ncha moja ya mita huwekwa juu ya nguzo chanya ya betri yenyewe, wala si juu ya kichwa cha waya, na ncha ya pili juu ya skrubu nene ya stata. Mtu wa pili hugeuza ufunguo. Iwapo mita inaonyesha zaidi ya nusu volti wakati stata inajaribu kuzunguka, kuna kiungo kibovu katikati, ama ndani ya solenoidi, yaani ile swichi ya sumaku ya stata. Kisha hupimwa upande wa pili, kutoka nguzo hasi hadi kwenye chuma cha injini.

Upande huu wa pili ndio unaosahauliwa mno. Injini hukaa juu ya mipira, na umeme hurudi betrini kupitia waya wa ethi unaoiunganisha injini na chasi. Mtikisiko wa barabara mbovu huulegeza waya huo, au huukata kabisa. Hapo umeme hutafuta njia nyingine, na imepata kutokea kwamba waya wa akselereta unapata moto kwa kugeuzwa kuwa njia ya stata! Asiye na mita ajaribu kuwasha kwa sekunde chache, kisha aguse viungo kwa uangalifu. Kilichopata joto ndicho kibovu.

Ikiwa viungo vyote ni safi, betri sasa ipimwe. Ikiwa imepumzika, betri nzima ya volti 12 huonyesha volti 12.6 hivi, ikionyesha 12.0 iko karibu na kuisha. Wakati wa kuzungusha stata isishuke chini ya 9.6. Malori makubwa huwa na betri mbili zilizoungwa kwa mfululizo kupata volti 24, na kila moja hupimwa peke yake, kwa kuwa moja iliyochoka huiangusha nzima. Injini ikinguruma, volti zipande hadi 13.8 au 14.4, na mara mbili ya hizo katika lori la volti 24. Zisipopanda, mkanda wa feni utazamwe kwanza, kisha alteneta. Betri na viungo vikiwa vizima na stata bado ikinyamaza, huenda kaboni zake zimekwisha.

Kutu ya vichwa vya betri ni mabaki ya asidi, na magadi ya jikoni yaliyoyeyushwa katika maji huiondoa vizuri, mradi vifuniko vya seli vimefungwa ili magadi yasiingie ndani. Kabla ya kusugua kwa msasa, waya uliofungwa kwenye chasi hutangulia kufunguliwa, na huwa wa mwisho kufungwa. Katika malori mengi ya Kiingereza yaliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1960, waya huo ulikuwa chanya, wala si hasi. Asiyejua hili akiazima betri ya jirani ataunguza nyaya.

Zipo desturi mbili za gereji zinazopaswa kuachwa. Ya kwanza ni kuchomoa waya wa betri injini ikinguruma ili kujua kama inachaji: katika alteneta, volti huruka ghafla na kuunguza diodi zake. Ya pili ni kuunganisha skrubu za stata kwa bisibisi huku fundi amelala chini ya lori. Bisibisi haijui kama gia imeingizwa. Lori likiwa katika gia litasogea stata itakapozunguka, na injini ya dizeli inaweza kuwaka papo hapo, gurudumu likiwa hatua moja tu kutoka kifuani mwa fundi. Gia itolewe, breki ya mkono ivutwe, mawe yawekwe mbele na nyuma ya magurudumu, na ufunguo ugeuzwe na mtu aliyekaa kitini.