Tijara na Maskani katika Kaunti ya Makueni

Mtu akitaka kujua kwa nini watumishi waliostaafu, na wachuuzi wenye akiba ya kadiri, na vijana waliochoshwa na kodi za nyumba za Nairobi wanaelekeza macho yao Makueni, aghalabu ataambiwa kwamba ardhi huko ni rahisi. Na neno hilo ni kweli, ila ni kweli ndogo, kwa sababu ardhi rahisi imejaa pande nyingi za Kenya na wala haijamtajirisha kila aliyeinunua. Haiba ya Makueni, kwa maoni yangu, imo katika ukaribu: mti unaozaa, njia inayosafirisha na serikali inayoamua mambo ya mahali pale vyote havipitani mbali, hata mwenye rasilmali ndogo aweza kuvifikia bila ya kuikabidhi faida yake kwa watu wa kati.

Kaunti hii ina eneo la takriban kilomita za mraba 8,000, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu humo watu 987,653, ambao wengi wao wanakaa mashambani. Barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi hupita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali na Sultan Hamud, mji ambao hadi leo unalihifadhi jina la Sultani Hamud bin Mohammed wa Unguja. Na tangu mwaka 2017 reli mpya ina vituo vyake Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Makao ya serikali ya kaunti yako Wote, na maadamu Katiba ya mwaka 2010 iliziachia kaunti leseni za biashara, masoko, zahanati na mafunzo ya kilimo, mwenye haja na mambo hayo huyamaliza hapo hapo, na afisa anayemhudumia huwa anaijua njia ya shambani kwake.

Lakini ukaribu huu thamani yake huonekana zaidi katika biashara ya maembe, nami nataka nikae hapa kidogo, kwa kuwa ndipo tijara ya kaunti hii inapofundisha. Embe ni mali isiyongoja. Miti ya eneo zima hupevusha matunda katika majuma yale yale, tangu mwisho wa mwaka hata mwezi wa Machi, na mkulima asiye na ghala la baridi hana silaha ya kupigania bei. Basi dalali huja na lori lake, pengine akayanunua matunda yangali mtini, akataja bei aitakayo, naye mkulima akakubali kwa kuhofia kuoza kuliko kwa kuridhika. Kosa si la dalali peke yake, maana yeye pia anakimbizana na siku. Ugonjwa wenyewe ni kwamba mali inayoharibika ilikuwa ikisafirishwa mbali kabla ya kupewa uwezo wa kudumu. Ndiyo sababu kiwanda cha kusindika matunda kilichojengwa Kalamba, kinachogeuza embe kuwa rojo linaloweza kuwekwa na kuuzwa kwa wafanyaji wa vinywaji baada ya msimu kupita, kina maana kubwa kuliko ukubwa wa majengo yake: kinampa mkulima mnunuzi wa pili, na mnunuzi wa pili ndiye anayembadilisha wa kwanza tabia. Nafasi iliyobakia kwa mtu wa kawaida ni pana. Kukausha vipande vya embe kwa jua, kuuza mitego ya nzi wa matunda, kuchagua na kufungasha, kuotesha miche iliyobebeshwa, yote hayo ni kazi zinazofaa kufanywa karibu na mti wala hazihitaji mtaji wa kiwanda. Kadhalika pojo na asali ya Kibwezi.

Pamoja na hayo, Makueni ni nchi kavu, na anayelisahau jambo hilo ataliona kwa hasara. Mito mingi huko ni ya msimu: hufurika mvua ikinyesha, kisha uso wake ukawa mchanga mtupu. Watu wa Ukambani wamejifunza kujenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto huo, ili mchanga uletwao na mafuriko ujikusanye nyuma yake. Na mchanga wa chembe kubwa huweza kubeba maji kiasi cha robo ya ujazo wake au zaidi, yakiwa yamejificha yasinyonywe na jua, yakachotwa kwa kisima au pampu miezi mingi baada ya mvua kukatika. Sasa mchanga huo huo unatafutwa kwa udi na uvumba na wajenzi wa Nairobi, na kila lori linaloondoka nao huondoka na kisima cha mtu. Kaunti ilitunga sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015, nami naihesabu kuwa sheria ya biashara sawa na ya mazingira, kwa sababu bustani, mifugo na viwanda vidogo vyote hutegemea maji hayo.

Juu ya maskani sina mengi. Mpango wa matibabu ulioanza mwaka 2016, ambao kaya ilitoa shilingi 500 kwa mwaka ikatibiwa katika hospitali za kaunti, uliwaonyesha watu kwamba kukaa shamba si lazima kuwe kukosa tabibu.

Anayekusudia kununua na afanye upekuzi katika masjala ya ardhi kabla ya kutoa hata arubuni, na ikiwa ni ardhi ya kilimo, akumbuke kwamba sheria yataka idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi, iombwe ndani ya miezi sita tangu mapatano kuandikwa, la sivyo mapatano hayo ni batili. Aende kulitazama shamba mwezi wa Septemba, kiangazi kikiwa kimekaza na mvua za Novemba ziko mbali, awaulize majirani wanachota wapi, na akiambiwa ni mtoni, ateremke aone kama mchanga ungalipo.