Buriani Magawa, Mfanyakazi wa Morogoro

Si desturi ya ukurasa huu kuomboleza mnyama, sembuse panya. Mkulima wa Nyakahura akisikia neno panya hukumbuka ghala lake: mahindi yaliyotobolewa, mbegu iliyoliwa kabla ya mvua, gunia lililobaki makapi matupu. Kwa hiyo twajua ya kuwa baadhi ya ndugu zetu watacheka wakimwona panya ametajwa mahali hapa pa heshima. Na wacheke kwanza, kisha wasome.

Mwezi wa Januari mwaka 2022, katika nchi ya Kambodia, alikufa panya buku mmoja aitwaye Magawa. Alikuwa na umri wa miaka minane. Alizaliwa hapa kwetu Tanzania mwezi wa Novemba mwaka 2013, akafundishwa kazi Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na mwaka 2016 akapelekwa Siem Reap, Kambodia. Huko alifanya kazi kwa muda wa miaka mitano. Alipostaafu mwezi wa Juni mwaka 2021 alikuwa amekwisha kufichua mabomu 71 ya kutegwa ardhini, pamoja na silaha nyingine 38 zilizoachwa bila kulipuka. Kila moja katika hayo lilikuwa likimngojea mtu: ama mama aendaye kuteka maji, ama mtoto achungaye ng'ombe, ama mkulima ashikaye jembe alfajiri.

Majeshi mengi ya dunia yana desturi ya kumpenda na kumwomboleza mnyama wa kikosi. Afrika Kusini ilikuwa na mbwa mkubwa aliyeitwa Just Nuisance, ambaye mwaka 1939 aliandikishwa katika jeshi la majini la Waingereza huko Simon's Town, akapewa na cheo cha baharia. Alisafiri kwa garimoshi pamoja na mabaharia, na alipokufa tarehe 1 Aprili mwaka 1944 alizikwa kwa heshima zote za kijeshi. Sanamu yake imesimama mjini humo. Hatumlaumu mbwa, maana mbwa hajui siasa. Lakini katika miaka ile ile Mwafrika aliyejitolea kuitumikia Afrika Kusini vitani alikatazwa kubeba bunduki, akapewa mkuki. Na aliporudi kwao alidaiwa pasi kila alipokanyaga. Hapo mapenzi ya mnyama yalikwenda pamoja na dharau ya mtu.

Kilio cha Magawa ni cha namna nyingine. Yeye hakupendwa kwa sababu ya kuwachangamsha askari kambini. Alipendwa kwa kazi yake, na kazi hiyo ilikuwa ni kuiondoa vita katika ardhi baada ya askari kwenda zao.

Ndugu msomaji, yafaa tueleze jinsi kazi hiyo ifanywavyo, maana wako wanaodhani kuwa ni mazingaombwe. Shirika liitwalo APOPO lilianzishwa mwaka 1997 na Mbelgiji Bart Weetjens, na mwaka 2000 likahamia Morogoro kwa kushirikiana na Chuo cha Sokoine na Jeshi letu la Wananchi. Panya buku ni mnyama wa Kiafrika, ana macho dhaifu lakini pua kali mno. Huanza kuzoeshwa watu angali mdogo, kisha hufundishwa kwa muda wa miezi tisa hivi kuitambua harufu ya baruti. Kila apatapo hulia kidude cha kumwambia kuwa amefanya vyema, naye hupewa kipande cha ndizi au karanga. Walimu wake ni Watanzania wenzetu, vijana wa kiume na wa kike, ambao huwahi uwanjani alfajiri kwa kuwa mnyama huyu ni wa usiku, hastahimili jua kali.

Akiwa kazini panya hufungwa mkanda mwilini na kuunganishwa na kamba iliyonyoshwa baina ya watu wawili. Huenda na kurudi, hatua kwa hatua, akinusa. Akipata harufu hukwaruza ardhi, na mahali hapo hutiwa alama ili mafundi waje kulitegua bomu. Mashine ya kutafutia chuma hupiga kelele kwa kila msumari na kila kopo kuukuu. Panya hushughulika na baruti peke yake. Kwa sababu hiyo eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi Magawa alilimaliza kwa nusu saa, ambapo mtu mwenye mashine angeweza kuchukua hata siku nne. Na kwa kuwa uzito wake ulikuwa kilo moja na kidogo, aliweza kupita juu ya bomu lisilipuke. Udogo wake, ambao kwa watu ni jambo la kudharauliwa, ndio uliokuwa ngao yake.

Kwa nini basi mambo haya yamhusu mtu wa Nyakahura? Kwa sababu Nyakahura iko katika njia ya kwenda Rusumo, na mtu wa huko hahitaji kuhadithiwa vita. Mwisho wa Aprili mwaka 1994, katika muda wa siku moja tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara. Wilaya za Ngara na Biharamulo ziligawana nao maji, kuni na ardhi. Wageni walipoanza kurudi makwao mwaka 1996, walirudi katika nchi ambayo ilikuwa na mabomu ardhini. Ilifika Desemba mwaka 2009 ndipo Rwanda ikatangaza kwamba imekwisha kuyaondoa yote. Msumbiji, ndugu zetu wa kusini, walitangaza hivyo mwezi wa Septemba mwaka 2015, na panya wa Morogoro walikuwa miongoni mwa walioifanya kazi hiyo.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba maendeleo yahitaji watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Tazama basi jinsi bomu moja liwezavyo kuyapinga yote. Humwua mtu au kumkata mguu. Humnyang'anya mkulima ardhi ingawa hati ni yake. Na hulinda uovu wa wanasiasa walioanzisha vita miaka mingi baada ya wao kusahauliwa. Kambodia peke yake, tangu mwaka 1979, watu zaidi ya 60,000 wameuawa au kujeruhiwa na mabomu hayo na masalio mengine ya vita. Umoja wa Mataifa umepata kukadiria kwamba bomu la namna hiyo laweza kutengenezwa kwa dola 3 tu, na kuliondoa hugharimu kati ya dola 300 na 1,000. Faida ya kulitengeneza huenda kwa tajiri mwenye kiwanda. Gharama ya kuliondoa, na ya mguu uliokatika, humwangukia maskini.

Tanzania ilitia sahihi Mkataba wa Ottawa wa kupiga marufuku mabomu haya mwezi wa Desemba mwaka 1997. Marekani, Urusi na China hazikuingia. Na mwaka 2025 Estonia, Latvia, Lithuania, Finland na Poland, ambazo zilikuwa zimekubali, ziliamua kujitoa kwa kisingizio cha hofu ya vita. Hofu yao twaielewa. Lakini mtu aogopaye mwizi akachimba shimo mbele ya mlango wake, mwanawe ndiye atakayetangulia kutumbukia. Hapa ndipo msiba wa Magawa unapokuwa si mchezo: alifanya kazi miaka mitano kufichua silaha zisizozidi 109, na viwanda vyaweza kutengeneza idadi hiyo kabla ya mchana kufika.

Yapasa pia tujisaili wenyewe. Tarehe 25 Septemba mwaka 2020 Magawa alitunukiwa nishani ya dhahabu na PDSA, chama cha Uingereza kinachotibu wanyama wa watu wasio na uwezo. Alikuwa panya wa kwanza kupata nishani yo yote ya chama hicho. Alipokufa, magazeti ya London na New York yaliandika habari zake. Wahenga husema mtenda kwao hutuzwa. Lakini ni wangapi hapa kwetu waliojua jina lake? Ni watoto wangapi wa shule waliofundishwa kwamba elimu iliyotungwa Morogoro, na walimu wetu, kwa mnyama wa pori letu, imewaokoa watu wa Asia? Tumezoea kudhani kuwa ujuzi huja kwa meli kutoka ng'ambo. Safari hii ulitoka kwetu ukaenda.

Na kuna funzo kwa waajiri na wafanyakazi. Magawa alipoanza kuchoka hakutupwa. Alibakizwa majuma machache awasaidie panya wapya 20 waliowasili kuizoea kazi, kisha akapumzishwa, akala na kucheza mpaka siku zake zikaisha. Mtumishi aliyetumika vyema hustahili uzee wenye raha. Kama jambo hilo limewezekana kwa panya, ni aibu likishindikana kwa mtu.

Kazi yenyewe haikufa. Mwezi wa Aprili mwaka 2025 ilitangazwa kwamba panya mwingine mzaliwa wa Tanzania, Ronin, amekwisha kufichua mabomu 109 na silaha nyingine 15 huko Kambodia, akavunja rekodi. Hapa nchini panya wa ukoo huo huo hunusa makohozi ya wagonjwa na kugundua kifua kikuu ambacho hadubini ya zahanati ilikikosa.

Chama chetu huamini kwamba binadamu wote ni ndugu. Mkulima wa Kambodia, asiyejua Morogoro iko wapi, leo analima mpunga mahali alipopita panya wetu. Hatuna nishani ya kumpa Magawa. Tulicho nacho ni kauli: Serikali yetu na isikome kusema katika kila baraza la mataifa kwamba mabomu haya yapigwe marufuku na nchi zote, wakubwa kwa wadogo, na chuo cha Morogoro kipewe haki yake katika vitabu vya watoto wetu.

Buriani Magawa. Ulikuwa mdogo, na kazi uliimaliza.