Injini kubwa kwenye lori la zamani: rejeta ipi itafaa?

Msimu wa maembe unapofika, malori ya mazao kutoka Makueni hupanda barabara ya Mombasa kuelekea Nairobi yakiwa na mzigo mzima. Kibwezi iko takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari, Nairobi karibu mita 1,700. Kwenye mwinuko wa Salama si ajabu kuona lori limesimama kando, kabini imeinuliwa, mvuke unatoka, na maembe yanaiva upesi kuliko mwenye mali angependa. Baadhi ya malori hayo hayana injini mbovu. Yana injini iliyobadilishwa juzi tu, kubwa kuliko ile ya kiwandani, lakini rejeta ni ileile ya zamani.

Chukua Canter iliyotoka kiwandani na injini ya 4D31 ya lita 3.3, kisha mwenyewe akaiwekea 4D33 ya lita 4.2. Ukubwa wa injini umeongezeka kwa takriban asilimia 27. Lori likiwa tupu, tena mahali tambarare, tofauti haionekani, na ndiyo maana wengi hudhani kazi imekamilika. Mlimani, dereva akikanyaga mafuta mpaka mwisho, injini mpya huchoma dizeli nyingi zaidi. Kati ya robo na theluthi ya nishati ya dizeli hiyo huwa joto linalopaswa kutolewa na maji ya rejeta. Rejeta iliyotosha injini ndogo itazidiwa hapo, hata kama haivuji tone.

Jambo la kwanza la kupima ni uso wa rejeta, yaani sehemu yenye mirija na vibati vyembamba inayopigwa na upepo. Ikiwa ya zamani ina upana wa sentimita 50 na kimo cha sentimita 45, uso wake ni sentimita mraba 2,250. Kwa injini iliyoongezeka asilimia 27, inafaa kutafuta uso wa karibu sentimita mraba 2,860, kwa mfano 55 kwa 52. Hesabu hii si kamilifu, lakini inamzuia mtu kununua kwa kukisia. Njia iliyo salama zaidi ni kupata rejeta ya gari lilelile lililotolewa injini, pamoja na feni yake na kava ya feni. Wauzaji wa vipuri vilivyotumika mara nyingi huwa na vyote, na ni rahisi kuvidai siku ya kununua injini kuliko kuvirudia baadaye.

Nafasi ikiwa haitoshi kupanua, mafundi huongeza safu ya mirija ili rejeta iwe nene. Husaidia, ila si kwa kiasi ambacho wenye magari hutarajia. Upepo unaofika safu ya nyuma umeshapashwa moto na safu za mbele, na feni hupata shida kuuvuta kupita unene huo. Injini yenye tabo huongeza tatizo jingine: kipoza hewa chake kikifungwa mbele ya rejeta, rejeta hupokea hewa iliyokwisha kupata joto.

Feni yenyewe hudharauliwa sana. Lori linalopanda mlima kwa kilomita 20 kwa saa halipati upepo wa mwendo. Linategemea feni peke yake. Bila kava inayoizunguka, feni huzungusha hewa ileile ya moto ndani ya kabini ya injini badala ya kuvuta hewa mpya kupitia rejeta. Kava iliyotupwa kwa sababu haikuingia vizuri inaweza kuharibu kazi yote ya rejeta mpya.

Mwinuko nao una sehemu yake. Maji yasiyofunikwa huchemka kwa nyuzi 94 hivi jijini Nairobi, si 100. Kifuniko cha rejeta chenye shinikizo la baa 0.9 hupandisha kiwango hicho hadi takriban 115. Kifuniko kilicholegea kinamnyima dereva nyuzi hizo zote 20, nacho ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote vilivyotajwa hapa. Kuweka chenye shinikizo kubwa kupita kiasi si dawa: hakitoi joto lolote, na chaweza kupasua rejeta kuukuu. Kifuniko kisifunguliwe injini ikiwa moto. Shinikizo likiondoka ghafla, maji hugeuka mvuke papo hapo na kumrukia usoni aliyekishika.

Kuna pia desturi ya kung'oa thamostati ili «maji yapite vizuri». Katika injini nyingi za dizeli, thamostati ikishafunguka huziba pia njia ya mkato ya maji. Ikiondolewa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupitia rejeta kabisa, na gari huchemka zaidi mlimani.

Kuhusu madini, rejeta ya alumini yenye matangi ya plastiki ni nyepesi na hupoza vizuri, lakini plastiki ikipasuka njiani hakuna la kufanya. Ya shaba ni nzito, ila fundi wa jua kali aliye mjini Emali au Wote anaweza kuiziba kwa kulehemu. Kwa lori linalofika vijijini, shaba ndiyo afadhali. Maji ya visima vingi vya eneo hili yana chumvi, na chumvi hiyo huganda ndani ya mirija. Kulanti iliyochanganywa na maji ya mvua au maji yaliyosafishwa huepusha hali hiyo. Kulanti nzee isimwagwe kwenye mtaro au penye mifugo. Ni sumu, na utamu wake huvutia wanyama.

Kabla ya kulipia rejeta iliyotumika, imiminwe ndoo ya maji juu. Maji yakitoka chini polepole kuliko yanavyoingia, mirija imeziba. Baada ya kufungwa, hewa yote itolewe kwenye mfumo, na geji ya joto ihakikiwe. Kitambuzi cha injini mpya kisipopatana na geji ya zamani, mshale utaonyesha hali shwari huku gasketi ya hedi ikiungua. Kisha lori lijaribiwe likiwa na mzigo wa kisheria, mlimani, mchana wa jua. Injini kubwa, kwa njia, haiongezi uzito unaoruhusiwa kwenye mizani ya Mlolongo.

Mwenye lori anatakiwa pia kuijulisha NTSA kwamba injini imebadilishwa, ili nambari mpya iingizwe kwenye kumbukumbu za usajili. Risiti ya ununuzi wa injini itunzwe kwa ajili hiyo, na kampuni ya bima ipewe taarifa kabla lori halijarudi barabarani.