Fahamu: Nyanza ingali hai uwanjani

Ijapokuwa Katiba ya 2010 iliifuta mikoa 8 ya Kenya na kuziweka kaunti 47 mahala pake, katika michezo ya shule za sekondari mipaka ile ya kale ingali na hukumu: timu ya mpira wa kikapu hupanda kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kisha mkoa wa zamani, kama Nyanza, ndipo taifa. Basi Agoro Sare ya Oyugis, Homa Bay, na shule za Migori, kaunti mbili zilizokuwa zamani wilaya moja ya Nyanza Kusini, huungana na Kisumu, Siaya, Kisii na Nyamira, vijana wakidunda mpira juu ya saruji iliyochomwa na jua. Marekani, ajabu, katika mashindano ya kikapu ya vyuo, chuo cha California chaweza kupangwa kanda ya Mashariki. Huku jina halidanganyi.