Ipyana na Bethlehem ya Marekani: Nasaba za Waliovuka Bahari

Katika tambarare inayotandaa kutoka miguuni mwa milima ya Rungwe na Livingstone hadi ufukoni mwa Ziwa Nyasa, mahali ambapo mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushusha udongo wenye rutuba kila masika, na ambapo mpunga, migomba, michikichi na mikakao husongamana hata mgeni asijue shamba la huyu linakoma wapi na la yule linaanza wapi, ndipo ilipo Ipyana, kituo cha Kanisa la Moravian tangu mwaka 1894. Kwamba waliokifungua kituo hicho walikuwa Wajerumani ni jambo linalojulikana na kila mtu wa wilaya ya Kyela. Lisilojulikana sana ni kwamba kanisa hilo hilo, likitoka katika kijiji kile kile cha Herrnhut katika Saksonia, lilikuwa limekwisha kujenga miji na mashamba huko Marekani zaidi ya miaka mia moja na hamsini kabla ya hapo. Na kwa hiyo mtu wa Ipyana anayetaka kujua habari za wakulima na wenye maduka wa Kijerumani waliohamia Marekani hana sababu ya kuzihesabu kuwa habari za watu baki.

Herrnhut ilianza mwaka 1722, wakimbizi wa dini kutoka nchi ya Moravia walipopewa hifadhi katika ardhi ya Kabaila Nikolaus Ludwig von Zinzendorf. Hawakukaa sana kabla ya kuanza kusafiri tena. Mwaka 1735 baadhi yao walikwenda Georgia, wakashindwa huko, wakapanda kaskazini hadi Pennsylvania, na usiku wa kuamkia Krismasi ya mwaka 1741, Zinzendorf mwenyewe akiwa pamoja nao, wakakiita kijiji chao kipya Bethlehem. Kwa takriban miaka ishirini, hadi 1762, waliishi kwa shirika: mkulima, mfinyanzi, mshona viatu na mwashi wote walifanya kazi bila mshahara, wakala katika chungu kimoja, na faida ikalipia safari za wamisionari. Shirika lilipovunjwa kila nyumba ikaanza kujitafutia riziki. Duka lao la vitabu, lililofunguliwa mwaka 1745, lingali linauza vitabu mjini humo hata leo, nalo hutajwa miongoni mwa maduka ya vitabu yaliyo makongwe kabisa duniani.

Hao walikuwa wachache mbele ya umati uliowafuata. Kuanzia familia za Krefeld zilizojenga Germantown karibu na Philadelphia mwaka 1683, hadi Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliovuka Bahari ya Atlantiki walifika mamilioni. Baina ya 1820 na 1914 pekee walizidi milioni tano. Wengi walisukumwa na ufinyu wa ardhi, kwa kuwa katika sehemu nyingi za kusini magharibi mwa Ujerumani shamba la marehemu liligawanywa kwa watoto wote sawasawa, na baada ya vizazi vitatu au vinne fungu la mtu mmoja halikutosha kumlisha mkewe, licha ya watoto. Upande wa pili wa bahari, sheria ya mwaka 1862 ilimpa mkulima ekari 160 kwa sharti la kukaa na kulima kwa miaka mitano. Nayo ilikuwa ardhi ambamo Wahindi Wekundu walikuwa wameondolewa kwa nguvu na kwa mikataba iliyovunjwa, jambo ambalo katika historia za familia za wahamiaji aghalabu hupitwa upesi mno. Asiyekuwa mkulima alichuuza. Levi Strauss, Myahudi kutoka Buttenheim katika Bavaria, alifungua biashara ya nguo San Francisco mwaka 1853, na miaka ishirini baadaye, pamoja na mshonaji Jacob Davis, akapata hati ya kulinda suruali ngumu za wachimba migodi ambazo sasa huvaliwa hata na vijana wa Kyela. Kijiji kidogo cha Kallstadt huko Ujerumani, chenye mizabibu mingi kuliko watu, ndiko alikotoka baba yake Heinz wa sosi ya tomato na babu yake Rais Donald Trump.

Lakini watu wa Bethlehem wana jambo moja ambalo wahamiaji wengine hawakuwa nalo, nalo ndilo linalonifanya niandike makala haya. Ilikuwa ada yao kwamba kila muumini, mwanamume kwa mwanamke, tajiri kwa maskini, aandike au aandikishe habari za maisha yake: alizaliwa wapi, wazazi wake walikuwa nani, alihama kwa njia gani, alimzika nani, alitenda dhambi ipi, alipata faraja wapi; na karatasi hiyo ilisomwa mbele ya watu siku ya mazishi yake, kisha ikahifadhiwa. Maelfu ya karatasi hizo zingalipo katika nyaraka za kanisa huko Bethlehem na Herrnhut. Mmoja wa walioacha habari zake kwa njia hiyo ni Ofodobendo Wooma, Muigbo aliyeuzwa utumwani angali mtoto, akafikishwa Bethlehem mwaka 1746, akabatizwa kwa jina la Andrew, akafa mwaka 1779. Kanisa hilo lililohubiri udugu lilimiliki watumwa, na hilo ni doa lisilofutika. Hata hivyo, kwa kuwa maneno ya Mwafrika huyo yaliandikwa, leo tunajua jina alilopewa na wazazi wake, ilhali wenzake wengi waliovushwa bahari hiyo hiyo wametoweka pasipo jina.

Mtafiti wa nasaba afikapo katika makaburi ya kale ya Bethlehem hupatwa na mshangao. Mawe yote ni bapa, yamelazwa chini, yana namba, jina na tarehe, na hakuna jiwe la tajiri lililo kubwa kuliko la maskini. Tena mume hakulazwa kando ya mkewe, wala mama kando ya mwanawe. Walizikwa kama walivyoishi, yaani kwa makundi: wanaume waliooa, wanawake walioolewa, wajane, vijana wa kiume, wasichana, watoto. Kila kundi lilikuwa na nafasi yake kanisani, na makundi mengine, kama vile vijana wasiooa, wasichana na wajane, yalikuwa na nyumba zao wenyewe, na mtoto alitoka mapema mikononi mwa wazazi wake akalelewa pamoja na wa umri wake.

Mmarekani wa leo huona jambo hilo kuwa la ajabu. Mzee wa Kinyakyusa, mwenyeji wa Kyela, angelielewa mara moja. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyekaa Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1951 jinsi wavulana wa miaka kumi au kumi na mmoja walivyoondoka nyumbani kwa baba zao, wakajijengea vibanda vyao pembeni, wakalala huko na wenzao wa rika moja huku wakirudi kula kwa mama zao, mpaka vibanda hivyo vikakua vikawa kijiji kamili chenye wake, watoto na ng'ombe. Jirani wa mtu alikuwa mwenzake wa rika. Ndugu wa damu walitawanyika, na kilichowaunganisha ni ng'ombe: wa mahari na wa urithi, waliopita kutoka kwa kaka hadi kwa mdogo wake kabla ya kuwarudia wana. Basi Wamoravian walipoteremka Ipyana, jamii mbili zilizozoea kuishi kwa rika zilikutana. Tofauti ni kwamba moja iliweka nasaba yake katika karatasi, na nyingine iliiweka katika kumbukumbu ya nani alimpa nani ng'ombe gani.

Wamisionari wanne wa kwanza, Theodor Meyer, Theophil Richard, Georg Martin na Johannes Häfner, walifika mwaka 1891 kwa kupitia mito ya Zambezi na Shire na kisha ziwani. Kabla ya mwaka huo kwisha Martin alikuwa amekwisha kuzikwa. Ziwa liko kiasi cha mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, mvua ni nyingi, mbu hawana msimu; kwa hiyo tambarare ya Kyela haikupata kuwa nchi ya walowezi kama Pennsylvania, na Wajerumani waliotaka kulima kahawa na chai walipanda Rungwe, Mbozi na Mufindi kwenye baridi. Huku chini, jembe lilibaki mikononi mwa wenyeji, na ninaona hiyo kuwa bahati njema ya Wanyakyusa.

Kisha vita vikawakuta Wajerumani wa pande zote mbili. Tarehe 9 Septemba 1914 askari wa Kijerumani waliovuka Songwe walishindwa Karonga; mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yakaingia Unyakyusa, wamisionari wakachukuliwa mateka, na makanisa yakaangaliwa na wamisionari wa Kiskoti wa Livingstonia mpaka Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920, ili wakamatwe tena katika vita vya pili. Huko Marekani, mwaka 1918, gavana wa Iowa alipiga marufuku lugha za kigeni hadharani, na mchimba makaa Robert Prager akanyongwa na kundi la watu huko Illinois kwa kosa la kuwa Mjerumani. Schmidt wengi wakawa Smith, Müller wakawa Miller, na wajukuu wanaotafuta nasaba zao leo wangekwama hapo, kama si vitabu vya makanisa vilivyotunza majina ya kale.

Siku hizi Tanzania ndiyo nchi yenye Wamoravian wengi kuliko nchi yoyote duniani. Mwaka 2024 UNESCO iliziandika Herrnhut, Bethlehem na Gracehill ya Ireland ya Kaskazini katika Urithi wa Dunia, pamoja na Christiansfeld ya Denmark iliyotangulia mwaka 2015. Mawe na nyumba za huko zilistahili heshima hiyo; ila naamini kwamba hazina yao iliyo kubwa zaidi ni zile karatasi za mazishi, ambazo hazikuhitaji fedha wala elimu ya juu, na ambazo kila usharika wa Kyela ungeweza kuwa nazo. Vijiji vya rika vimekwisha kupotea, na wanaokumbuka ng'ombe wa mababu wanapungua kila mwaka. Kwa hiyo wewe usomaye haya, ukiwa na babu au bibi aliye hai Ipyana, Ngonga, Itungi au Matema, mwendee mwezi huu ukiwa na daftari, umuulize jina la mama wa mama yake, kijiji alichohama, na ng'ombe wa mahari yake walikotoka. Kisha uandike kama anavyosema, nakala moja uipeleke ofisi ya kanisa au ya kijiji, nyingine uwape watoto wako.